Hatuna foleni, tuna konda

Shemeji yangu wa Dar alikuja kututembelea majuzi huku Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Akakaa barazani na sahani yake ya mgebuka na ugali wa muhogo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatoa hukumu: "Shemeji, nyie huku mnakula kuku kwa mrija. Hewa safi, uwanja mkubwa, mjini robo saa. Mimi Mbagala natoka saa kumi na moja alfajiri na bado nachelewa."

Nilinyamaza, maana mgeni ni mgeni. Lakini yale maneno yamenikaa kooni, na kwa kuwa yeye haya hatayasoma, acha niyateme.

Hiyo robo saa yake aliipima akiwa ndani ya taksi ya kukodi, saa sita mchana, barabara nyeupe. Sawa, nakubali: toka Mwandiga hadi Mwanga, kule mjini, ni lami, na foleni hatuijui. Ila sisi tunaokaa huku nyuma ya Mwandiga safari yetu haianzii kwenye lami. Mvua zikishika, udongo wetu mwekundu unavua watu viatu. Ndiyo maana pale kituoni, chini ya benchi la duka, kuna safu ya ndala na mabuti ya kila saizi. Unafika na ndala, unajimwagia kopo la maji miguuni, unatoa kiatu cha kazini kwenye mfuko, ndala unazisukuma chini ya benchi. Mwenye duka saa nne asubuhi akiinama tu anajua nani kaenda mjini na nani leo anaumwa. Na jioni hafungi mpaka zimebaki za watu wawili watatu anaowajua kwamba hukawia. Halipwi chochote kwa kazi hiyo. Tunanunua kwake vocha na mkate, basi.

Matope nimeyazoea. Kinachoniumiza ni kile kinachofuata mtu akishavaa kiatu safi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Hiace inakuja. Konda ananing'inia mlangoni, macho hayako kwa watu, yako kwenye mashati meupe ya wanafunzi. Kabla gari halijasimama ameshahesabu. "Madenti wawili tu! Wawili! Wengine ya nyuma!" Ya nyuma ikija ni hivyo hivyo. Mimi mtu mzima napita, tena naitwa bosi, nashikwa bega niingie. Watoto niliowakuta pale kituoni wanabaki na mabegi yao mgongoni, wakitazama.

Binti wa jirani yangu, yuko kidato cha pili, amebuni njia. Anajifunga kitenge juu ya sketi ya shule, anajitanda mtandio, anaingia katikati ya akina mama wanaokwenda sokoni. Akishakaa na gari likishafika Masanga, ndipo anatoa mia mbili yake. Siku moja konda akashtuka, akatazama chini: soksi nyeupe, viatu vyeusi vya kamba. "Wewe denti, shuka." Gari zima likacheka. Akashuka. Huko shuleni akikuta geti limefungwa, adhabu yake ni kung'oa nyasi mpaka kipindi cha kwanza kiishe, na kipindi cha kwanza ni hisabati. Halafu matokeo yakitoka tunakaa vikao kujadili kwa nini mabinti wetu hawaipendi hisabati.

Sasa, ni rahisi kumtukana konda, na nimemtukana sana. Lakini tukae tupige hesabu naye. Kwa nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023, daladala ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 mtu mzima ni shilingi 600. Mwanafunzi, 200. Kiti kimoja kinataka mtu mzima mmoja au wanafunzi watatu, na wanafunzi watatu hawakai kiti kimoja hata uwabane vipi. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Hamuulizi konda amebeba madenti wangapi, na pale kwenye mafuta hakuna bei ya wanafunzi. Hizo shilingi 400 za punguzo kwa kila kichwa anazilipa nani? Serikali hailipi. Shule hailipi. Mimi mzazi silipi. Zinatoka kwa kijana aliyevaa kandambili anayening'inia mlangoni, ambaye huenda naye ana mdogo wake amesimama kituo cha mbele. Tumetangaza huruma, bili tukampelekea yeye. Halafu tunashangaa anafunga mlango!

Mwaka 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa mpaka kidato cha sita. Nilipiga makofi, na nasema kwa dhati, nyumbani kwangu tulipumua. Ila mtoto anayekaa mbali na shule kuna ada nyingine anaitoa kila asubuhi pale kituoni, haina risiti, na analipia kwa vipindi alivyovikosa.

Wiki moja trafiki alisimama kituoni kwetu. Lo! Makonda wakageuka wajomba. "Ingia mwanangu, ingia, sogea mwenzio akae." Wengine walipokea na mabegi kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata trafiki hakuonekana, na ujomba ukaisha siku hiyo hiyo. Sitaki askari kila kituo, hatuna askari wa kutosha na wana kazi nyingine. Nataka basi moja la asubuhi na moja la jioni, la wanafunzi tu, ambalo mwenye nalo analipwa pesa yake yote na hao waliotangaza punguzo. Nani atoe? Hapo ndipo raha ya kukaa huku inapoonekana: kulala nalala Halmashauri ya Wilaya, kufanya kazi nafanya Manispaa. Niliwahi kwenda kuuliza ofisi moja, nikaambiwa suala hilo ni la wenzetu wa upande wa pili. Nikaenda upande wa pili. Mnajua nilichoambiwa.

Watani zangu wa Ujiji wananicheka, wanasema nimechelewa kuanza kulia. Wana haki. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 alimkuta Ujiji, kwa sababu mji ulikuwa Ujiji, misafara iliishia pale, soko lilikuwa pale. Reli ya Wajerumani ilipofika ziwani mwaka 1914 ikachagua ghuba ya Kigoma, na tangu hapo Mjiji ndiye anayesubiri gari la kwenda mjini. Mji mzima ukageuzwa mahali pa kulala! Wao angalau walinyang'anywa. Sisi wa Mwandiga tumekuja wenyewe, tumefuata viwanja.

Na viwanja ni vizuri, sikatai. Bei ya kiwanja kimoja kule Mwanga huku unapata nafasi ya nyumba, michikichi kadhaa, muhogo wa kula mwaka mzima, na watoto wanacheza mpira bila kuvunja dirisha la mtu. Usiku unasikia vyura tu. Shemeji alilala mpaka saa tatu, akaamka anasifia. Haya, alama zake tumpe. Lakini ukitaka benki, mjini. Ukiandikiwa kipimo, hospitali ya Maweni. Ukitaka bati moja la aina uliyoezekea, Mwanga. Tumepimiwa mahali pa kulaza vichwa, mengine yote tukaambiwa yatafuata. Magari yenyewe jioni yanaishiwa hamu mapema: saa mbili usiku ukikosa Hiace, unabaki na bodaboda anayekutajia bei huku ameangalia pembeni, au Probox ya mchomoko inayopakia watu wanne mbele akiwemo dereva.

Najua kuna watakaoniambia nikope ninunue pikipiki, niache kelele. Nina kazi, nina mshahara, pengine mwakani nitaikopa kweli. Ila mimi nilishasema konda ananiita bosi na kunishika bega niingie, sikuwa najizungumzia. Yule wa kidato cha pili mwenye kitenge, yeye akakope wapi?