Ukarimu wa Wakusanyaji wa Chupa za Kale: Nani Analipia Zawadi?

Anayeingia mara ya kwanza katika duru za wakusanyaji wa chupa za kale hutarajia kukutana na mabahili. Hawa ni watu wanaoweza kugombania chupa moja mnadani mpaka bei ifike maelfu ya dola, na wapo wanaowaficha hata ndugu zao mahali wanapochimba. Halafu mgeni anataja tu kwamba anatafuta chupa za maduka ya dawa ya mji fulani mdogo, na mtu asiyemjua anafungua sanduku, anamkabidhi moja, anakataa hela. Mwingine anampa picha na orodha alizozikusanya kwa miaka mingi. Visa vya namna hii vinasimuliwa sana miongoni mwao, hata vimekuwa sehemu ya sifa wanayojivunia: sisi ni watu wa kupeana.

Sifa hiyo siikatai. Ila inafaa kuipima, maana si kila zawadi ina uzito sawa, na zipo zinazolipiwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Tuanze na zile rahisi. Kabla ya mashine ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, kuanza kutengeneza chupa bila mpulizaji mwaka 1903, chupa nyingi zilipulizwa kwa mdomo ndani ya kalibu, yaani chombo kinachokipa kioo umbo. Mwenye duka la dawa au mtengeneza soda angeweza kuagiza chupa zenye jina lake na la mji wake, likitokeza kwenye kioo chenyewe. Ndiyo maana aina zake hazihesabiki. Nyingi ni vioo vya kawaida visivyo na soko, isipokuwa kwa mtu mmoja anayekusanya za mji ule. Mchimbaji akifungua jaa la zamani anaweza kupata chupa kadhaa zinazofanana. Moja inamtosha. Zilizobaki zinakula rafu, zinashika vumbi, na kuzituma kwa posta ni kazi ya kuzifunga kama mayai. Akimpa anayezihitaji, yeye anapoteza kidogo na mwenzake anapata kile alichokitafuta muongo mzima. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa wakusanyaji wa chupa, kutoa wakati mwingine ni rafu iliyojaa.

Tazama chupa ya Hiram Codd, Mwingereza aliyebuni mwaka 1872 chupa ya soda inayozibwa na gololi ya kioo iliyomo ndani ya shingo. Watoto walizivunja ili wapate gololi, lakini zilitengenezwa kwa wingi mno hata zile za rangi hafifu ya kijani bado zimejaa. Kumgawia mtu moja ya hizo hakumnyimi mgawaji usingizi. Ile ya buluu iliyokolea ya kobalti ni habari nyingine, na sijaona wengi wakiigawa.

Wenye mashaka wanakwenda mbali zaidi. Wanasema hata zawadi hizi ni nipe nikupe iliyocheleweshwa. Uliyempa chupa leo ndiye atakayekupigia simu kwanza siku akiuza mkusanyo wake, au atakayekuonyesha uwanja ambao mwenyewe amekubali uchimbwe. Nadhani wana haki, kwa kiasi. Katika duru ndogo ambamo karibu kila mtu anamjua mwenzake, jina jema lina thamani, na kutoa ndiyo njia ya haraka ya kulipata. Lakini hoja hiyo inakwama kwa anayempa mtoto wa miaka tisa chupa yake ya kwanza. Mtoto hana mkusanyo wa kuuza wala uwanja wa kuchimba. Hapo wenye mashaka hugeuza hoja: wakusanyaji wengi ni wazee, vijana wasipoingia chupa zao zitakosa wanunuzi, kwa hiyo wanalinda mali yao. Inawezekana jambo hilo likawa kweli kwa jumla bila mtu hata mmoja kulifikiria anaponyoosha mkono. Mimi sioni nia iliyochanganyika kuwa doa. Swali linalonisumbua ni nani anayebeba gharama.

Na hapo ndipo ujuzi unapoizidi chupa yenyewe. Chukua chupa za kuhifadhia vyakula zenye maandishi ya hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ya John Landis Mason, ya tarehe 30 Novemba 1858. Anayeanza akisoma mwaka huo huamini ameshika kitu cha 1858, wakati tarehe hiyo ni ya hataza tu na iliendelea kuandikwa kwenye chupa kwa miongo mingi baadaye. Mtu mwenye uzoefu atamwonyesha pa kutazama: mstari wa kalibu umeishia wapi shingoni, kitako kina kovu la fimbo ya chuma iliyoshikilia kioo cha moto au hakina, mdomo umeundwa kwa kizibo cha kuchomekwa au kwa kifuniko cha bati cha aina aliyoibuni William Painter mwaka 1892. Atamweleza pia kwamba kioo kilichosafishwa rangi kwa madini ya manganizi hugeuka zambarau polepole kikikaa juani, na kwamba wapo wauzaji wanaopiga chupa za kawaida kwa mionzi ili zikolee rangi zionekane adimu. Somo hilo la dakika kumi linaweza kumwokolea mtu fedha nyingi kuliko zawadi yoyote ya kioo.

Ujuzi huo umetoka nje ya duru pia. Tovuti ya bure ya kutambua chupa za kihistoria, iliyoanzia katika idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi za umma na sasa ikihifadhiwa na Society for Historical Archaeology, chama cha wanaakiolojia, inatumiwa na wanaakiolojia na wakusanyaji vilevile. Makundi haya mawili kwa kawaida hayapendani, kwa hiyo si jambo dogo.

Lakini ujuzi huohuo ndio unaoonyesha upande wa pili. Mtu anauza vitu vya marehemu mzazi wake, na katikati ya sufuria kuna chupa ambayo mnunuzi anaitambua papo hapo. Aseme au anyamaze? Wengi hunyamaza, na utetezi wao si wa kipuuzi. Ujuzi wameupata kwa miaka na kwa fedha zao. Muuzaji angeweza kuuliza kabla ya kuuza. Na kama kila mnunuzi atalazimika kutangaza thamani, nani ataamka alfajiri kuzunguka minadani? Upande mwingine unauliza: mbona mtu yuleyule anayemgawia mwenzake chupa bila kudai kitu anaichukua ya mjane kwa bei ya chai? Ukarimu unaoishia kwenye ukingo wa duru ni uaminifu wa kundi tu.

Mimi natofautisha. Mfanyabiashara aliyepanga meza na kuandika bei mwenyewe amekubali mchezo na kanuni zake, hivyo kumlipa bei aliyoitaja si dhuluma. Ila mtu akikuuliza, "Hii ina thamani gani?", kunyamaza au kukunja uso kana kwamba umeona takataka ni uongo. Wapo wanaojibu kweli, hata kama jibu linawapandishia bei au kuwakosesha chupa. Hao ndio ningewaita wakarimu kwanza, kabla ya wagawaji wa masanduku.

Kuna gharama nyingine inayofichika zaidi, ile ya ardhi. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1979 ya kulinda rasilimali za kiakiolojia inakataza kuchimbua bila kibali, katika ardhi ya serikali kuu na ya jamii za Wenyeji wa Marekani, vitu vya kiakiolojia vyenye umri wa miaka 100 au zaidi. Katika ardhi ya mtu binafsi, hakuna mchimbaji anayeruhusiwa kujiingilia tu. Ruhusa ya mwenyewe ndiyo mwanzo wa yote. Chupa iliyotolewa bila ruhusa halafu ikagawiwa kwa tabasamu imetoka mfukoni mwa mtu mwingine. Na anayeipokea mara nyingi hajui.

Wanaakiolojia wanaongeza kwamba hata penye ruhusa hasara ipo, kwa sababu chupa iliyong'olewa kwenye tabaka lake la udongo hupoteza nusu ya inachoweza kusema. Mfano wao mzuri ni meli ya mvuke Bertrand, iliyozama katika mto Missouri mwezi Aprili 1865 na kupatikana mwaka 1968. Shehena yake ilitunzwa pamoja, na ndani yake zimo chupa za bitazi, kileo chungu kilichouzwa kama dawa, za Hostetter's na Drake's. Hostetter's ni chupa ya kawaida kabisa kwenye rafu za wakusanyaji. Kwa kuwa zile za Bertrand zina tarehe isiyo na ubishi, mtu mwingine anaweza kuilinganisha yake nazo. Wachimbaji hujibu kwamba majaa mengi ya miji yangeishia chini ya tingatinga, na hakuna chuo kitakachomtuma mtu kuchambua kila choo cha shimo cha zamani. Kwa maeneo mengi wanasema kweli. Tatizo ni kwamba zawadi ikipita mikono mitatu, habari ya ilikotoka inapotea njiani, na kuizuia isipotee kunahitaji kikaratasi tu ndani ya chupa: mahali, kina, na ilikutwa pamoja na nini.

Kwa kupita tu: anayegawa chupa ambayo bado ina kitu ndani aseme ni nini. Baadhi ya vioo vya zamani vya kurushwa kwenye moto ili kuuzima vina tetrakloridi ya kaboni, na mvuke wake ni sumu. Zawadi ya aina hiyo haifai kukaa sebuleni.

Jaribio la mwisho huja mkusanyaji anapozeeka. Wengine hupeleka kila kitu makumbusho, wengine mnadani. Makumbusho huonekana kuwa ukarimu mkubwa zaidi, lakini stoo zake huwa zimejaa, na masanduku mia ya chupa zisizo na maelezo ni mzigo unaopewa jina la msaada. Mnada nao unaonekana ubinafsi, ingawa unazirudisha chupa kwa watu watakaozishika na kuzisoma. Ningekuwa na mkusanyo wa kuuacha, ningeugawa: zile zinazojulikana zilikochimbwa ziende makumbusho ya eneo hilo kama yanazitaka, zilizobaki zirudi sokoni, na daftari lenye maelezo yake lipigwe picha na kuachiwa kila mtu bure kabla nyundo ya mnada haijagonga.