Kasi ya Wi-Fi Lamu haitokani na namba ya masafa

Mafundi wengi wanaofunga intaneti katika Mji wa Kale wa Lamu huuza Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5 kama dawa ya kila ugonjwa. Mteja akilalamika kuwa video inakwama, huambiwa anunue ruta "ya faivu". (Hiyo, kwa njia, haihusiani na 5G ya simu.) Ushauri huo unawapotezea watu pesa. Kasi hutokana na upana wa chaneli (kipande cha masafa ambacho ruta inatumia) na idadi ya biti zinazopakiwa katika kila alama ya wimbi. Upakiaji huo ndio modulesheni, na haufungwi na masafa: aina yake iitwayo 64-QAM hubeba biti 6 kwenye gigahezi 2.4, na ni 6 zile zile kwenye 5. BPSK hubeba 1, QPSK 2, 16-QAM 4, 256-QAM 8.

Ruta huchagua aina ya modulesheni kwa kupima pengo kati ya mawimbi na kelele. BPSK huridhika na desibeli (kipimo cha pengo hilo la nguvu) 5 hivi, 64-QAM hutaka karibu 25, na 256-QAM huvuka 30. Pengo likipungua, ruta hushuka ngazi kimya kimya, na simu huendelea kuonyesha kuwa imeunganishwa.

Hapo ndipo masafa yanapoingia. Kwa antena za aina moja na umbali ule ule, gigahezi 5.5 hupokelewa ikiwa dhaifu kuliko 2.4 kwa desibeli 7 hivi, kwa sababu antena yake ni ndogo na hukusanya nguvu kidogo. Kisha fundi huacha chaneli ya megahezi 80 kama ilivyotoka kiwandani. Kila upana unapoongezeka mara mbili, kelele hupanda desibeli 3. Kutoka 20 hadi 80 ni desibeli 6. Desibeli 13 zimekwenda hata kabla ya kufika ukutani, na kuta za nyumba za kale za Lamu ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba cha ndani kabisa, nyuma ya kuta mbili, kinaweza kubaki na BPSK: kwa mkondo mmoja wa data na megahezi 80 hiyo ni megabiti 29 kwa sekunde, kabla ya kugawana na wengine. Gigahezi 2.4 yenye megahezi 20, ikishikilia 64-QAM, hutoa 65.

Sisemi 5 ni mbaya. Katika chumba chenye ruta hushinda, kwa kuwa ina nafasi ya chaneli pana, ilhali bendi nzima ya 2.4 haifiki megahezi 84. Lakini kwa nyumba ya mawe, ningevuta waya hadi ruta ya pili ndani, ningeweka 2.4 kwenye megahezi 20, chaneli 1, 6 au 11, na 5 kwenye 40. Kuongeza nguvu ya kurusha hakusaidii sana: simu haina nguvu ya kujibu, na kikuza nguvu kikisukumwa mno huvuruga alama za QAM ya juu, zilizo karibu karibu. Ndiyo maana redio nyingi hupunguza nguvu zenyewe zikipanda hadi 64-QAM.

Kiungo cha juu ya maji, tuseme kutoka mjini kwenda kisiwa cha Manda, kina shida yake. Wimbi moja huja moja kwa moja, jingine hudunda juu ya bahari. Maji yakijaa au kupwa, urefu wa njia ya pili hubadilika, na kwa kina fulani mawimbi hayo mawili hufutana. Kiungo huanguka kutoka 64-QAM hadi QPSK, kisha hurudi baada ya muda, na fundi hulaumu hali ya hewa. Wakati wa bamvua mabadiliko huwa makubwa zaidi. Rekodi nguvu ya mawimbi maji yakijaa na yakipwa kwa siku kadhaa, kisha uilinganishe na jedwali la maji. Mashimo, yaani nyakati nguvu inapoporomoka, yakifuata maji, usinunue antena kubwa kwanza. Shusha antena ya upande mmoja ili ukingo wa nchi kavu au paa uzibe sehemu wimbi linapodundia, bila kuziba njia ya moja kwa moja: kwa kilomita 3 na gigahezi 5.8, katikati ya njia panahitaji mita 6 hivi za uwazi kila upande. Kisha punguza chaneli hadi megahezi 20 na upime tena maji yakiwa pale pale palipokuwa na shimo.