Andiko la Ruzuku Lianzie kwa Mhasibu

Nimesoma maandiko mengi ya kuombea ruzuku kwa ajili ya wanafunzi wa kipato cha chini, na mengine, kwa aibu nasema, nimeyaandika mwenyewe. Ukifungua ukurasa wa kwanza unakutana na maneno yale yale: kujenga uwezo, mazingira wezeshi, wadau, walengwa. Mwanafunzi mwenyewe hayumo.

Safari moja tulikuwa wanne mezani, siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, tukibishana kama tuandike "kuwawezesha" au "kuwajengea uwezo". Mhasibu wa chuo akaingia kufuata stepla yake. Akasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Hizi hela mnawaombea wale niliowafungia usajili?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua kuna waliofungiwa. Akaleta karatasi mbili zilizojaa majina, na mbele ya kila jina deni. Mengi yalikuwa madeni madogo ya kushangaza, na baadhi ya wenye majina hayo walikuwa mwaka wa mwisho, alama zao safi. Tulifuta kurasa mbili nzima za utangulizi jioni ile.

Kuna chuo kilichoifanya orodha ya namna hiyo kuwa mpango kamili. Georgia State, kule Atlanta, Marekani, tangu 2011 hulipia wanafunzi madeni madogo kabla hawajaondolewa darasani kwa kukosa ada. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwanafunzi haombi. Chuo kinaangalia nani anakaribia kuanguka, kisha kinamtafuta.

Maana fomu nayo ni kikwazo. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walizisaidia familia za kipato cha chini kujaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali, papo hapo walipokuwa wakitayarishiwa hesabu za kodi. Kati ya vijana waliokuwa wakimaliza sekondari, walioingia chuo walipanda kutoka asilimia 34 hadi 42. Kundi jingine lilipewa maelezo tu ya kiasi cha msaada ambacho lingeweza kupata. Halikusogea. Kwa hiyo nikiona bajeti ina vipeperushi na semina ya uhamasishaji, kalamu yangu nyekundu inawasha. Omba mshahara wa mtu atakayekaa na mwanafunzi mbele ya kompyuta wakijaza fomu pamoja.

Najua mtaniambia watu ni gharama. Ni kweli. Mpango wa ASAP wa CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York, ulioanza 2007, uliwapa wanafunzi washauri wenye watu wachache wa kuwahudumia, nauli na vitabu, kwa sharti kwamba wasome muda wote. Kwa kila kichwa ulikuwa ghali. Lakini taasisi ya utafiti ya MDRC ilipopima, waliohitimu ndani ya miaka 3 walikuwa asilimia 40, dhidi ya 22 kwa wenzao wasiokuwa kwenye mpango. Ukigawa gharama kwa waliohitimu, kila shahada ikatoka kwa bei nafuu zaidi. Hesabu hiyo ndiyo ya kumwekea mfadhili mezani.

Halafu someni masharti, jamani, hata yale ya kipuuzi. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikataa makumi ya maombi ya Upward Bound, mpango wa kuwaandaa vijana wa familia maskini kwenda chuo, kwa makosa ya mpangilio kama nafasi kati ya mistari. Wabunge walipiga kelele hadi wizara ikalegeza msimamo. Wewe usitegemee wabunge.

Andiko letu tulilituma zikiwa zimebaki dakika kumi na nne. Madeni ya wale wa kwenye orodha yaliingia kwenye bajeti, na mshahara wa mshauri mmoja. Semina moja tuliiacha, kwa sababu mkuu wa idara alishaandaa hotuba ya kuifungua.