Mr Ibu alichekesha bara zima, nani alipaswa kumlipia hospitali?

Oktoba 2023, mwigizaji wa vichekesho wa Nigeria, John Okafor, alionekana kwenye video akiwa kitandani hospitalini, siku yake ya kuzaliwa, akiwaomba Wanaijeria dua na msaada. Madaktari walikuwa wameshazungumzia uwezekano wa kumkata mguu. Mwezi uliofuata familia ikatangaza kuwa mguu mmoja umekatwa. Tarehe 2 Machi 2024 akafariki dunia mjini Lagos, akiwa na miaka 62.

Jina la Okafor wengi hawalijui. Ukisema Mr Ibu, mtu anacheka kabla hujamaliza. Ni yule baba mwenye kitambi na macho ya mshangao, aliyebishana na mwanawe wa kuigiza, Osita Iheme, katika filamu ya mwaka 2004 iliyompa jina lililomganda hadi kaburini. Inasemwa alicheza filamu zaidi ya 200. Ndiyo maana ile video ilizua swali lenye hasira: filamu zote hizo, fedha zilikwenda wapi?

Wapo waliosema bila kumung'unya maneno kwamba mzee hakujipanga. Hoja yao si ya kupuuzwa. Kanayo O. Kanayo, mwigizaji wa kizazi kilekile, alirudi chuo akiwa mtu mzima akasomea sheria. Waigizaji Olu Jacobs na mkewe Joke Silva walianzisha kampuni yao ya filamu, Lufodo. Zaidi ya hapo, michango ilipokuja kwa Mr Ibu, ulizuka ugomvi kuhusu fedha hizo hadi polisi wakaingilia. Ukiyaona hayo unaelewa kwa nini mchangiaji fulani aliyejinyima atoe naira zake alijuta.

Lakini mfano wa Jacobs unanisumbua. Huyo alisomea uigizaji London, akafanya kazi kwenye televisheni na filamu za Uingereza, ndipo akarudi nyumbani. Okafor alitoka Amuri, jimbo la Enugu. Baba yake alipofariki alikwenda Sapele kuishi na kaka yake, akafanya vibarua vya kila namna ili alipe ada, na chuo cha ualimu cha Yola kikamshinda kwa sababu ya fedha. Mtu wa namna hiyo akipata jina, mlango wake haukauki ndugu. Kumwambia angeweka akiba ni rahisi kwa asiyewahi kugongewa mlango saa kumi na moja alfajiri na shangazi mwenye mgonjwa.

Halafu kuna jinsi Nollywood yenyewe, tasnia ya filamu ya Nigeria, ilivyozaliwa. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa kanda za video, alitoa Living in Bondage, na baada yake soko likawa mikononi mwa wafanyabiashara wa soko la Idumota mjini Lagos na wa miji ya Onitsha na Aba. Wao ndio walioweka mtaji, wakaamua nani acheze, wakauza nakala. Bila ujasiri wao tasnia hiyo isingekuwepo, hilo nalikubali. Lakini utaratibu wao ulikuwa mwigizaji alipwe mara moja, kamera ikizimwa hesabu imefungwa. Filamu ikiuzwa tena, ikirushwa na televisheni nchi nyingine, ikidurufiwa na maharamia, kwake hakirudi kitu. Umaarufu wa Mr Ibu ulikua kwa miaka ishirini juu ya malipo ya siku chache za kazi. Wanaomlaumu wanapima kipato chake kwa umaarufu wake, na hapo ndipo hesabu yao inapokosea.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwigizaji mwenzake Enebeli Elebuwa alipopata kiharusi ilibidi wasamaria wajitokeze, na mwaka 2012 akafia India alikokwenda kutibiwa. Sadiq Daba, naye mwigizaji, alichangiwa alipougua saratani ya damu, akafariki 2021. Ikitokea kwa mmoja, tuseme ni uzembe wake. Ikijirudia hivi, tuutazame mkataba.

Na sisi huku Afrika Mashariki tusikae pembeni kama wageni wa msiba. Mr Ibu tulimwona kwenye vibanda vya video na kwenye CD moja iliyobanwa filamu kumi, iliyouzwa stendi kwa bei ya chipsi. Nilinunua nyingi sana, na hakuna hata shilingi moja kati ya hizo iliyofika Enugu. Tulipomchangia marehemu King Majuto, mchekeshaji wa Tanzania, kabla hajafariki mwaka 2018, tulilia kwamba wasanii wetu wananyonywa, wakati wenzao wa Nigeria walikuwa wamejaa kabatini mwetu kwa nakala za wizi.

Michango ilisaidia, na waliotoa walifanya utu. Ila mchango humfikia aliye maarufu. Yule aliyecheza mlinzi wa geti au mganga wa kijijini katika filamu hizohizo, nani atamwekea video yake mtandaoni ikasambaa? Kwa hiyo naegemea upande wa mkataba, japo nakiri kwamba fedha ya mirabaha, yaani malipo ya msanii kila kazi yake inapouzwa au kurushwa tena, nayo inaweza kugombewa na ndugu vilevile.

Mwaka 2023 Nigeria ilipata sheria mpya ya hakimiliki. Kwa vijana wanaosaini sasa inaweza kuwa mlango. Kwa filamu za 2004, karatasi zilishasainiwa Idumota zamani, kama zilikuwepo, na vipande vya Mr Ibu vinaendelea kuzunguka kwenye simu zetu kila siku.