Nyuzi Moja na Ushee

Hivi hapa Dar kuna mtu aliyelala jana usiku? Simaanishi kufumba macho, kufumba hata mimi nilifumba. Namaanisha kulala, ile ya mtu anaota ndoto mpaka inaisha. Mi kazi yangu usiku mzima ilikuwa kugeuza mto, upande huu ukipata moto nageuza, na ule nao ukipata moto narudi huku, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nimeamka nimejikongoja nimevaa vizuri, shati jeupe, tai, mtu wa heshima zangu, nafika kituoni shati limeshashika mgongo, na katika hali hiyo hiyo ndipo anatokea kijana ananiambia joto hili ni la kawaida.

La kawaida!

Gari ni la Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, mnalijua. Siti nilipata, nashukuru, ya dirishani upande wa jua, na dirisha lenyewe ni yale ambayo yalifunguka mara ya mwisho huko Japani. Pembeni yangu kakaa kijana wa begi la mgongoni, simu kubwa, vitu masikioni. Mi nikaguna tu, "aisee joto la mwaka huu, mh", yaani yale maneno ya kuonyesha ubinadamu, jibu lake linajulikana, unaambiwa "acha tu" halafu kila mtu anaendelea na jasho lake. Huyu hapana. Huyu alichomoa vya masikioni, akageuka mzima mzima, akasema, "Kwa kweli mzee wangu, ukilinganisha na wastani wa muda mrefu halijazidi sana. Ni nyuzi moja na ushee tu."

Kwanza, mzee wangu. Mimi. Hilo nikalimeza.

Pili, moja na ushee! Mtu nimeloa mpaka soksi!

Nikamuuliza kwa upole wa mtu mwenye tai, huo wastani ni wa nani. Akafurahi. Alivyofurahi tu nikajua nimekwisha. Akaanza, wastani wa hali ya hewa unachukuliwa wa miaka 30, sasa hivi wanatumia 1991 hadi 2020, unachukua Februari zote za hiyo miaka unajumlisha unagawanya, unapata Dar mchana Februari inacheza kwenye nyuzi 32 hivi, usiku kwenye 24, 25. Na ujue kipindi hiki jua linakuja utosini kabisa, mwanzoni mwa Machi linakuwa juu yetu, bahari imepata joto, kwa hiyo ukisikia leo 33 na kitu usipaniki, ni tofauti ndogo sana. Anayasema yote hayo huku tone la jasho linaning'inia kwenye pua yake, nikabaki naliangalia hilo tone tu.

Siti ya nyuma yetu kulikuwa na mama ana ndoo ya maandazi mapajani. Akadakia, "Mwanangu, hiyo 33 walikuja kuipimia wapi? Maana mi nipo nyumbani kila siku na sijawaona."

Bahati mbaya ndo tulikuwa tunakaribia uwanja wa ndege, foleni imesimama, kijana akanyoosha kidole. "Pale, mama. Mule ndani kuna kituo cha hali ya hewa." Akaeleza sasa, kwamba kipimajoto hakiwekwi hovyo. Kinawekwa ndani ya kisanduku cheupe, cheupe ili kirudishe jua, kinasimamishwa kwenye nyasi, kama mita moja na nusu hivi kutoka chini, mbali na majengo, mbali na lami, na kuta zake ni za luva ili upepo upite.

Gari zima kimya. Hata yule aliyekuwa anabishana chenji yake aliacha.

"Kwa hiyo kiko kivulini," mama akasema.

"Ndiyo, mama, jua halitakiwi kukigusa."

"Na upepo kinapata."

"Lazima kipate."

"Pande zote."

"Pande zote nne."

"Chini nyasi."

"Nyasi, ndiyo."

"Na hakibanwi na mtu."

"Hapana, eneo linakuwa wazi."

Mama akafunika ndoo yake vizuri. "Basi hicho kina maisha."

We! Gari lililipuka. Konda akagonga bati, "Kisanduku, kisanduku, wa kushuka kisanduku asogee mlangoni!" Jamaa mmoja aliyekuwa amejikunja pale mlangoni akauliza kodi yake pale ni shilingi ngapi, na wanapokea miezi mitatu au mpaka utoe sita. Dada mmoja akauliza choo kiko ndani au cha kushea. Mi nilitaka kucheka nikakumbuka nina tai.

Ila kijana naye ni mbishi, akasubiri kelele zipungue akaendelea, kwamba ni lazima iwe hivyo ili Dar iweze kulinganishwa na Dodoma na Mbeya na duniani kote, maana ukiweka kipimajoto juu ya bati utakuwa umepima bati, hujapima hewa. Na hapo ana hoja, sikatai. Wale wa hali ya hewa wanafanya kazi yao. Tatizo ni kwamba mi naishi chini ya hilo bati, halina dari, na hiyo hewa ya kwenye kisanduku sijawahi kuivuta hata siku moja. Halafu kuna hili la unyevu ambalo kijana alilipitia juu juu, 33 ya Dodoma jasho linatoka linakauka, 33 ya Dar jasho linatoka linakaa, linakuzoea, linahamia. Ukijifuta unafuta la zamani linakuja jipya. Kwenye namba zote ni 33.

Kuna mzee mmoja, mzee kweli huyu, sio wa kusingiziwa, kavaa kofia ya kiua, muda wote alikuwa kimya. Akamuita, "Kijana." Kijana akasema shikamoo mzee. "Marahaba. Huo mwaka 1991 mi nilikuwa Buguruni. Uani kwetu kulikuwa na mwembe na mkungu, mchana tunalala chini yake na mkeka. Leo pale kuna fremu sita, ya mwisho wanauza simu. Huo mwembe wangu mmeuweka kwenye huo wastani?"

Kijana akasema kipimo hakiangalii mwembe.

"Sawa. Na joto la mwaka huu mnaliandika?"

"Ndiyo mzee, linaingia. Huu wastani unabadilishwa kila miaka 10. Zamani walikuwa wanatumia 1961 hadi 1990, wakaja 1981 hadi 2010, sasa 1991 hadi 2020, ikipita 2030 watachukua 2001 hadi 2030."

"Kwa hiyo la sasa hivi litakuwemo."

"Litakuwemo."

"Halafu mjukuu wangu akilalamika mtamwambia halijazidi sana."

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Mzee akasema, "Kumbe na kawaida nayo inahama. Mi nilidhani tunaohama ni wapangaji tu." Akashuka Tazara, taratibu, hana haraka, na nusu ya gari tulimsindikiza kwa macho.

Basi na mimi hapo ndo heshima ikanitoka. Nikalegeza tai. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo nyuzi moja na ushee unayoidharau, si ndo hiyo hiyo nchi zote zilikaa Paris mwaka 2015 zikakubaliana dunia ijitahidi isipite moja na nusu? Na 2024 si ndo umetangazwa mwaka wa joto kuliko yote tangu waanze kupima, 1.55 hivi juu ya enzi za kabla ya viwanda? Wakubwa wakiongea moja na nusu wanapanda ndege wanaenda mikutanoni, mimi nikiguna moja na ushee naambiwa nisipaniki? Mwanangu ana harara shingoni mpaka mgongoni, analia usiku anajikuna, mama yake anampepea na kifuniko cha ndoo, umeme umekatika saa tano umerudi saa kumi, na ukuta nao unatoa joto ulilokula mchana, ukiugusa kwa mkono uko vuguvugu saa nane ya usiku! Huo ukuta uko kwenye wastani gani?

Nilisema kwa sauti. Watu waligeuka. Kijana akaniambia "pole, braza", na nakiri hiyo braza ilinituliza kidogo.

Na sio kwamba ofisini ni afadhali. Ofisini rimoti ya AC anayo mtu mmoja, anaiweka 16 halafu anavaa sweta. Kule kwenye meza zetu upepo wake haufiki, unafika muungurumo tu.

Nyumbani mwenye nyumba kasema kila mwenye feni aongeze hela ya yuniti, mwenye pangaboi aongeze zaidi, na asiye na feni aongeze kwa sababu anafungua friji ya mwenzake kuweka maji. Shemeji yetu kutoka Makete kaja kusalimia, kateremka stendi na koti zito, siku ya kwanza alituambia nyie watu wa Dar mnadeka, siku ya pili tumemkuta kalala bafuni kwenye sakafu. Hatukusema kitu. Foleni ya bafuni asubuhi tumeruka zamu yake tu.

Sasa hebu nisaidieni na hili. Kuna harusi ya binamu yangu mwisho wa mwezi huu wa Februari. Mchango nimetoa, sijachelewa, na ujumbe wa kamati kila ukiingia najibu "tupo pamoja". Juzi wametuma picha ya sare ya wanakamati. Suti. Vipande vitatu, koti, kizibao, suruali, kitambaa kizito kile cha kung'aa, ndani kina bitana, ukumbi wenyewe feni tulizoziona ni zile za ukutani na moja inatingisha kichwa bila kuzunguka. Nikaandika kwa adabu zote, je, hatuwezi kuvaa shati la kitenge la mikono mifupi? Nikajibiwa na mweka hazina kwamba fundi ameshapewa vipimo. Nikauliza angalau kizibao tukiache. Kimya. Baadaye mwenyekiti mwenyewe akaandika, kwa herufi kubwa, kwamba kila mjumbe atapewa na leso nyekundu ya mfuko wa juu, ila tafadhali sana, hiyo leso ni ya mapambo, sio ya kufutia jasho.