Mmetuzibia kona!

Jamani, tabia ya kuinua simu kwenye mbio za magari ya farasi pale Puy du Fou, bustani ya maonyesho ya historia huko Ufaransa, inaudhi! Uwanja umejengwa kwa mfano wa ule wa Kirumi, vumbi linatimka, magari yanaikaribia kona, na kona ndiyo mbio zenyewe, maana Warumi walipindukia hapo hadi wengine wakafa. Basi hapo hapo mtu wa mbele anainua kishikwambi. Unaona nini? Mgongo wa kishikwambi! Kwenye Circus Maximus, uwanja wa mbio wa Roma ya kale, walizunguka mara 7. Hapa ni dakika chache tu, ukikosa umekosa. Wengine wanasimama kabisa, na nyuma yao kuna watoto wamelipiwa kiingilio wanatazama migongo. Kaeni, jamani!