Kitenge cha Jubilei na Chupa ya Mafuta

Wengi wetu tulio katika makanisa ya zamani, hasa sisi Walutheri, tu wepesi wa kuwacheka wanaonunua mafuta, maji na chumvi za upako katika huduma mpya za mjini. Tunajiona tuko salama kwa kuwa historia yetu yenyewe ilianza na ugomvi juu ya biashara ya namna hiyo: mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 kupinga uuzaji wa vyeti vya rehema, ambavyo muumini aliambiwa vingempunguzia adhabu ya dhambi. Nadhani kicheko hicho kinatuzuia kuona vya kwetu, na cha kwanza ni kitenge.

Asiyesali kwetu huenda asielewe uzito wake. Ikikaribia jubilei, kuingizwa kazini kwa askofu au kongamano la akina mama, hutolewa kitenge maalumu chenye nembo ya dayosisi, picha ya kanisa, mwaka na mstari wa Biblia. Hutangazwa Jumapili kadhaa mfululizo, tena kwa bidii ambayo shule ya Jumapili haijawahi kuipata. Bei ya doti ni mwanzo tu, kwa maana kuna fundi, kuna kilemba, na siku hizi kuna kukubaliana mshono ili kikundi kizima kifanane. Likija tukio jingine huja na kitenge chake, na kile cha kwanza huanza safari ya kuelekea shambani.

Sisemi kwamba sare ni kosa. Sare ya kwaya huwaweka mwenye nacho na asiye nacho ndani ya kitambaa kimoja, na mjane anayesindikizwa kaburini na wenzake wa umoja wa wanawake, wote wamevaa sare, huagwa kwa heshima ambayo fedha za familia yake zisingeweza kuinunua. Ubaya huanza pale nguo inapogeuka tiketi: asiyekuwa nayo anasogezwa nyuma kwenye maandamano, haingii katika picha, na kikundi kikijipanga kuimba anaambiwa, kwa upole kabisa, "Mama, leo pumzika." Huyo mama hatalalamika. Atakopa kwenye kikoba, au Jumapili ile atasema anaumwa.

Hali hii ina chanzo chake. Kwa babu zetu dhehebu halikuwa jambo la kuchagua, kwa sababu wamisionari wa Kiprotestanti waligawana maeneo ili wasigombanie waumini: Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891, wamisionari wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na kila upande ukabaki na desturi zake. Mtu wa Machame akawa Mlutheri karibu kama alivyokuwa Mchaga, na jirani yake wa Kibosho akawa Mkatoliki vivyo hivyo. Leo kijana aliyepanga chumba Dar es Salaam anapita makanisa kadhaa kabla hajafika kituo cha daladala, na kila moja linamwita: bango lenye sura ya mchungaji na mkewe, stika kwenye kioo cha gari, kipindi cha redio, kaulimbiu ya mwaka iliyochapwa kwenye fulana. Makanisa ya zamani, yakihofia kupoteza vijana, nayo yamejifunza kujitangaza. Hofu hiyo ninaielewa, lakini aliyevutwa na chapa atavutwa na nyingine iliyo mpya zaidi, na hatakuwa amevunja ahadi yoyote.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, uleule wa Machame na Kibosho, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wapo waliowaita wajinga. Mimi nawaona kuwa watu walioaminishwa kwamba baraka ni ya wanaowahi, na sina hakika kama mama yule asiye na kitenge amefundishwa jambo tofauti sana na hilo.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka fedha na ibada visikutane kabisa, na sababu yangu ni mnada. Baada ya ibada, hapo nje ya kanisa, vinanadiwa kuku, mkungu wa ndizi, trei la mayai. Mwenye uwezo anapandisha bei hadi mara tatu ya ile ya sokoni, na pengine akishalipa anakitoa tena kinadiwe upya. Hiyo ni biashara, tena ya kelele na vicheko, lakini aliyeleta mayai matatu ni mtoaji, hadaiwi chochote na hakuna anayemkagua amevaa nini. Kitenge kinamfanya mama huyohuyo kuwa mnunuzi.

Najua kamati itajibu kwamba faida ya vitenge ndiyo inayolipia mahema na chakula cha wageni. Basi fedha hizo zitafutwe kwa mnada na harambee, na tangazo la kitenge liseme waziwazi kwamba mtu ataimba, atasoma somo na ataketi popote bila kujali nguo aliyovaa. Anayeweza kununua doti mbili anunue, ya pili aiache kwa mzee wa kanisa wa mtaa, naye aifikishe nyumbani kwa asiyeweza pasipo jina la yeyote kusomwa kanisani.